Zamu ya dirishani inagongana na kanuni ya fedha, tufanyeje?

Ndugu Mshauri,

Sisi ni wahasibu wawili wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Tatizo letu ni kukatizwa tukiwa kazini, na kinachotukatiza si simu peke yake. Kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ni kazi inayotaka kichwa kitulie, nasi tunaifanya kwenye meza ileile ambapo mteja anasubiri athibitishiwe kwamba fedha yake ya lipa namba imeingia, ndipo saruji itoke stoo.

Hasara yake huonekana kwenye tarakimu. Ukikatizwa katikati ya mstari, ukirudi unaandika 45,000 badala ya 54,000. Tofauti ni 9,000, na tarakimu mbili jirani zikipinduliwa tofauti daima hugawanyika kwa 9, kwa hiyo kosa hilo angalau lina dalili. Malipo yakiingizwa upande wa mapokezi, tofauti huwa mara mbili ya kiasi chenyewe: unaigawa kwa 2, unatafuta kiasi hicho. Linalotutisha ni muamala ulioruka na mwingine wa kiasi hichohicho uliotiwa tiki mara mbili. Hayo mawili hufutana, hesabu ikakubali huku ndani ni mbovu.

Tulijaribu dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Kwa kuandika vocha, sawa. Kwa taarifa ya benki, kengele yenyewe ni msumbufu mwingine, kwani ukurasa wenye miamala 40 hauishi kwa muda huo. Sasa tunapima kwa ukurasa: hakuna kuinua kichwa kabla jumla yake haijakubali. Akija mtu asiyezuilika, unapiga mstari wa penseli chini ya muamala wa mwisho, pembeni unaandika jumla ya hapo na muamala unaofuata, ndipo unamwitikia. Anayeinuka bila alama huanza ukurasa upya, na hilo hatubishani.

Arifa za magrupu ya WhatsApp tumezizima. Simu yenyewe haifungiki drooni: namba ya siri ya benki ya kutumia mara moja huja kwa ujumbe mfupi na haikai muda, na tajiri wetu huidhinisha malipo kwa WhatsApp hiyohiyo. Madereva wanaofuata fedha za mafuta wamepangiwa saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, na wengi wamezoea. (Aliyekwama njiani na mzigo hana saa, huyo tunamwelewa.)

Iliyobaki ni zamu. Mmoja akae dirishani kuthibitisha na kulipa, mwingine ageukie ukuta na vitabu kuanzia saa 2 hadi saa 6, kesho wabadilishane. Hapo ndipo tumekwama. Anayelipa hatakiwi kuwa ndiye anayelinganisha na benki, maana anaweza kufunika kosa lake, au wizi wake. Tukibadilishana kila siku, wa ndani Jumanne atakuwa anakagua malipo aliyoyatoa mwenyewe Jumatatu. Tusipobadilishana, wa dirishani hapati hata asubuhi moja tulivu, naye ndiye mwenye mishahara, na kodi ya mishahara (PAYE) inatakiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.

Tumewaza kugawana kwa akaunti, kwa kuwa duka linazo mbili. Wa kwanza, akiwa dirishani, alipe kutoka akaunti A tu na zamu yake ya ndani alinganishe akaunti B. Mwenzake kinyume chake. Kasoro tunayoiona ni uhamisho wa fedha kati ya akaunti hizo, unaopita mikononi mwetu sote wawili. Tena siku A ikikauka, wa dirishani atashawishika kugusa B.

Tunaomba ushauri kwa mambo mawili. Je, uhamisho ukifanywa na tajiri mwenyewe, mgawanyo huo utamtosheleza mkaguzi, au kuna njia nyingine kwa ofisi ya watu wawili? Na kuthibitisha lipa namba, je, inafaa kumwachia mtunza stoo aone ujumbe wa mapokezi moja kwa moja kwenye simu ya duka, ilhali yeye ndiye anayetoa mzigo?

Wahasibu wawili,
Kariakoo, Dar es Salaam