Kwa Mama Idi, kuhusu yule binti wa Seoul

Tanga

Mama Idi mpenzi,

Salamu nyingi, na za Bibi pia, kila baada ya swala anakuombea. Sisi hatujambo, ila joto na umeme wa kukatika katika.

Bi Mwanaidi kaniambia shule ya pili nayo imemkataa Idi. Sikupiga simu kwa sababu ningelia, na wewe sasa hivi huhitaji mtu wa kukuliza. Jana usiku Salma akaweka tamthiliya ya Kikorea, Extraordinary Attorney Woo. Ni ya 2022, sisi ndiyo kwanza tunaianza. Nimeona kipande cha kwanza tu na imebidi nikuandikie.

Kuna binti anaitwa Woo Young-woo, ana usonji kama Idi wetu. Alifika miaka mitano hajatamka neno. Baba yake anamlea peke yake. Siku moja mwenye nyumba anamvamia yule baba, ati anatembea na mkewe. Wakiwa wanakabana pale, mtoto anafungua kinywa na kukariri kifungu cha sheria ya kujeruhi, kifungo mpaka miaka saba! Kumbe muda wote alikuwa akisoma vitabu vya sheria vya baba yake. Ungeuona uso wa yule baba, Mama Idi. Kapigwa, lakini furaha imemjaa.

Nikakukumbuka wewe. Hapo hapo nikaingiwa na hofu, maana nawajua watu wetu. Wakishaiona hii watakuja kukuuliza, "Na Idi naye ana kipaji gani?" Wifi yako wa Korogwe atakuwa wa kwanza. Yule binti kaongoza darasa la sheria Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, na bado alikaa miezi sita bila kupata kazi. Sasa mtoto asiyekariri chochote je? Idi asidaiwe maajabu ndipo apewe dawati.

Mengine yamenifurahisha sana. Kila akipata wazo anamwona nyangumi akiruka, Salma anapiga makofi. Baba anauza gimbap, wali uliovingirishwa kwenye mwani, na binti hali kingine kwa raha, kwa sababu humo anaona kila kilichomo. Nikamwona Idi na wali wake mkavu, mchuzi usiuguse! Mlango wa ofisi ya mawakili alikopata kazi ni ule wa kuzunguka, unamshinda kabisa, mpaka kijana wa pale pale ofisini anamsaidia.

Lakini ninayemrudia ni bosi wake, Jung Myung-seok. Mwanzo hamtaki, anaenda kwa mkubwa wa kampuni kumkataa. Kisha inakuja kesi ya bibi aliyempiga mumewe kwa pasi. Wote wanatazama jinai tu. Binti ndiye anayeona kwamba bibi akitiwa hatiani kwa jaribio la kuua, urithi wa mumewe ataukosa. Bosi anakiri pale pale kwamba hilo lilimpita. Baadaye anateleza, anasema jambo fulani ni gumu hata kwa wakili wa kawaida, halafu anajishtukia na kumwomba radhi. Binti anamjibu hana neno, yeye kweli si wakili wa kawaida.

Nilirudisha nyuma nikaitazama tena. Mtu mzima, mkubwa wa kazi, anaomba radhi kwa neno moja! Ndiye mwalimu ninayemtaka kwa Idi. Hata asijue lolote la usonji, ilimradi akikosea aone aibu na arekebishe. Hawa waliomrudisha Idi, kuna hata mmoja aliyekaa naye nusu saa?

Salma ananiambia siku ya kwanza kule Korea haikufikisha hata asilimia moja ya watazamaji, na mwisho ikapita 17. Basi watu huelewa wakionyeshwa.

Itazame usiku Idi akilala, na Baba Idi awepo. Usichukue ile iliyotafsiriwa na madijei, wanachekesha mpaka pasipochekesha.

Sasa niambie: yule mtaalamu wa kuongea mmemwona? Idi bado anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi? Wewe unalala? Baba Idi anasemaje? Hapa mtaa wa Chumbageni kuna mwalimu ana watoto wawili kama Idi darasani, nimwendee? Na shule zikifunga mtakuja? Nijibu upesi, nataka kumwona huyo mwalimu Jumatatu.

Wako,
Mama Salma