Usimpe Sajenti mchuzi wenu

Tukuyu, Rungwe
Jumapili jioni

Rafiki yangu Atupele,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote hapo Iringa. Huku sisi wazima, ila mvua ya Tukuyu unaijua, haina adabu ya kuaga. Barua yako imefika pamoja na picha za mtoto wa mbwa na za yule paka mliyemchukua kwa ajili ya panya wa stoo. Jina la Sajenti mlilompa mbwa limenichekesha. Kwa uso ule, hata ukoplo hajafikia.

Umeniuliza, kwa kuwa nashinda kwenye duka la dawa za mifugo, kama ni kweli chokoleti inaua mbwa. Inaua. Kakao ina kemikali iitwayo theobromini, na mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Saa 17 zikipita, nusu yake bado imo mwilini. Moyo unaenda mbio, anatapika, anatetemeka, na ikizidi anashikwa na degedege. Unga wa kakao ni mkali kuliko chokoleti ya maziwa, kwa hiyo wenzetu wa Kyela wanaoanika kakao uani wana sababu ya kufunga mbwa wao. Lakini wewe Atu, lini chokoleti imelala ndani kwako na wale watoto? Mimi naogopa zaidi sufuria yako ya maharage.

Naogopa kitunguu. Kitunguu maji, kitunguu saumu, hata vile vya majani, vyote vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu mpaka zinapasuka. Ukichemsha haziondoki, ukikaanga haziondoki, na unga wa vitunguu ulio kwenye viungo vya pakiti ni mkali zaidi kwa sababu umekaushwa. Kwa mbwa, madhara huanza kwenye gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa paka, gramu 5 tu. Sasa piga hesabu: paka wa kilo 3 anadhurika kwa gramu 15, yaani kipande ambacho kikikudondoka ukikata kachumbari huinami kukiokota.

Kinachowaponza watu ni kwamba mnyama haugui siku hiyo hiyo. Zinapita siku kadhaa, ndipo ananyong'onyea, fizi zinapauka, anahema akiwa amelala tu, na mkojo unatoka mwekundu au wa kahawia. Hapo mwenye mbwa anakuja dukani kuulizia dawa ya minyoo, au anaapa kwamba jirani ametega sumu. Nikimuuliza mbwa anakula nini, jibu ni ugali na mchuzi uliobaki. Kulamba sahani mara moja hakutamuua Sajenti. Ila kidogo kidogo cha kila siku, damu inapungua bila mtu kujua.

La pili ni mahindi, na hapa nitakugombeza kabisa maana nawajua watu wa nyanda za juu. Mahindi yakiloa, yakaota ukungu, tunasema "haya ni ya mbwa." Tunasaga, tunasonga, tunampa. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo jiko la kuni haliiwezi; ugali unaiva na sumu imo. Inaharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Hata binadamu haimwachi, unakumbuka mwaka 2016 ilivyoua watu Dodoma na Manyara. Kuna mzee mmoja huku aliwalisha mbwa wake pumba za namna hiyo mfululizo. Wakaacha kula, macho yakawa ya njano, na hakubaki hata mmoja. Mahindi ya namna hiyo, Atu, usimpe mbwa, usimpe kuku.

Zabibu kavu za kwenye keki zifiche, mbwa mwingine figo zinakufa kwa kiasi kidogo tu. Mwaka 2021 madaktari wa mifugo Marekani waliishuku asidi ya tatariki iliyomo, na asidi hiyo hiyo imejaa kwenye ukwaju, kwa hiyo juisi yenu ya ukwaju na makapi yake visiachwe chini. Parachichi naulizwa kila wiki, maana mbwa wa huku wanaokota chini ya miti na kunenepa. Sumu yake inawasumbua zaidi ndege, sungura na mbuzi; mbwa na paka wanaivumilia. Wanachoweza kufa nacho ni kokwa, likimezwa linaziba utumbo. Maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, makapi ya kahawa, majani ya chai yaliyochujwa, vyote tupa mbali. Unga wa maandazi uliotiwa hamira unaendelea kuumuka tumboni na kutengeneza pombe humo humo. Na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukifika, mwambie shemeji wageni wake wasimnyweshe Sajenti ili wacheke.

Paka akionekana mgonjwa, usithubutu kumpa panadoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na kinaharibu chembe zile zile za damu kama kitunguu.

Ikitokea amekula kitu, achana na habari ya kumnywesha maziwa, hayazimui sumu yoyote kati ya hizi. Maji ya chumvi ya kumtapisha ndiyo kabisa usiguse, chumvi yenyewe ikizidi inamuua. Mpigie afisa mifugo hapo hapo, mwambie amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na uzito wake. Kwa chokoleti au zabibu usisubiri dalili.

Wala sikwambii ununue chakula cha dukani, bei zake nazijua. Wakati wa kupika, chota fungu la Sajenti kabla hujatia kitunguu na chumvi: dagaa au utumbo uliochemshwa, ugali wa unga mnaokula wenyewe, basi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Paka mwongezee dagaa, hawezi kuishi kwa ugali. Panya wa stoo peke yao siwaamini kama watatosha.

Ukijibu, niandikie uzito wao wote wawili ili nikutumie dawa ya minyoo kwa kipimo sahihi. Pia niambie kama Sajenti ameshachanjwa kichaa cha mbwa, maana hilo hukuligusia.

Wako,
Sekela