Kwa Mwanaidi: mzuie fundi wa saruji

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kwako, shemeji na watoto. Huku wazima. Bi Zuhura analalamika kwamba humpigii simu; hilo mtamalizana wenyewe. Kilichonikalisha kuandika ni picha za nyumba yenu ya Burford, huko Uingereza, na yale maneno uliyoweka chini yake, kwamba wiki ijayo fundi anakuja kuziba mianya ya mawe kwa saruji ili unyevu ukome. Mzuie kwanza, tafadhali!

Nyumba mnasema ni ya miaka ya 1600. Saruji ya Portland ilipata hataza 1824, kwa hiyo kilichounganisha mawe ya ukuta ule ni chokaa tupu. Ni kuta mbili zilizoegemeana, katikati kifusi, unene sentimita 50 na kitu, na hapa na pale jiwe refu limepita kati kuzifunga. Mvua inaingia kidogo, kisha inatokea kwenye mianya ya chokaa na upepo unaikausha. Ukiziba kwa saruji, maji yatatafuta njia kwenye jiwe lenyewe. Jiwe la Cotswold, hilo la vilima vya huko kwenu, ni laini. Likilowa halafu jalidi ikalishika, uso wake unamenyeka. Mwisho mistari ya saruji inatokeza na mawe yanarudi ndani. Tazama picha yako ya tatu, upande wa dohani: ndiyo hiyo hiyo! Kuna mtu alishapita na saruji pale. Na yaliyozipata kuta za Mji Mkongwe kwa lipu ya saruji unayajua.

Kabla fundi hajashika mwiko, angalia gata kama hazivuji, na udongo wa nje. Ukiwa juu ya sakafu ya ndani, uchimbwe ushuke sentimita 15 hivi chini yake. Kwa nyumba nyingi ugonjwa wenyewe uko hapo.

Akija fundi wa chokaa, mota mbovu iliyo kati ya mawe aichimbue kwa tindo na nyundo ndogo. Grainda hapana, inakata kingo za mawe na hazirudi. Kina kiwe mara mbili ya upana wa mwanya, kisipungue milimita 25. Aondoe vumbi, alowanishe ukuta. Jiwe kavu likinyonya maji, chokaa inabaki unga. Upande wa mvua ungefaa NHL 3.5, chokaa inayokaza hata penye maji, sehemu moja kwa mchanga mbili na nusu, mchanga mkali wenye chenga kubwa na ndogo, maana ule laini unapasuka. Ashindilie hadi ndani, na ikianza kukaza aigongegonge kwa brashi ngumu. Halafu magunia mabichi juu yake siku kadhaa, kwani chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa.

Lakini si Novemba hii! Chini ya nyuzi 5 asichanganye kitu. Ngojeni Mei.

Paa, mashallah. Vigae vya mawe, vipana ukingoni, vinapungua mpaka kileleni. Vile vya kijiji cha Stonesfield vilipasuliwa na baridi yenyewe: jiwe bichi liliachwa nje usiku wa jalidi. Akitokea mtu wa kupulizia povu la kuzuia baridi chini ya vigae, mfukuze. Hewa ikikosa kupita, mbao zinaoza.

Jambo jingine, kibali. Kama nyumba imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, kuibadilisha sura bila ruhusa ya halmashauri ni jinai, na mwenye nyumba haponi kwa kumsukumia fundi. Waulize SPAB, chama cha kulinda majengo ya kale alichoanzisha William Morris na wenzake 1877. Kazi yao ni hii hii.

Sasa nijibu. Ndani kuna lipu ya chokaa au jasi? Rangi ni ya plastiki? Sakafu ni mabamba ya mawe, au kuna aliyemwaga zege? Ile saruji ya zamani ikigongwa inalia kama kitu kitupu ndani, au imeng'ang'ania? Fundi mmeshampa malipo ya awali? Na Shaibu, alifika kweli au ndiyo zile ahadi zake?

Wako,
Rukia