Shukrani kwa mama wa nyuma ya pazia, Nakuru

Asante sana, mama uliyekaa nyuma ya pazia la jukwaa la mchezo wetu na kibeti chako cha sindano. Hatukupata hata jina lako. Waigizaji wachanga hupaka gundi ya ndevu za bandia juu ya jasho na mafuta, kisha sharubu zinaning'inia mdomoni katikati ya maneno mazito, ukumbi mzima unacheka. Wewe ulifuta ngozi kwa spiriti, ukapaka gundi nyembamba, ukangoja ianze kunata kidoleni, ndipo ukabandika na kukandamiza kwa kitambaa chenye unyevu. Leso za kiunoni ukazitia pini mbili, maana fundo peke yake hulegea mtu akipiga magoti. Tena ukawafunza vijana: sharubu zikidondoka, geuka, zitie mfukoni, endelea. Mungu akubariki sana, mama.