Mjomba, mguu huo upimwe

Mjomba, shikamoo.

Unasema ni uzee. Ukitembea kidogo kigimbi kinabana, ukisimama maumivu yanaisha, ukiendelea yanarudi baada ya mwendo uleule. Uzee hauna utaratibu wa namna hiyo. Msuli unaokosa damu ndio unaolalamika hivyo, na kwa mwenye kisukari aliyevuta sigara miaka mingi kama wewe, cha kwanza kushukiwa ni ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, kuziba.

Nakuomba ukubali kupigwa ultrasaundi ya mishipa ya miguu. Ndiyo, ileile wanayopigwa wajawazito. Haina sindano, haina mionzi, wala dawa ya kuchomwa inayoweza kusumbua figo. Utalala chali, utapakwa jeli ya baridi kinenani, kisha mpimaji atashuka na kifaa chake taratibu, paja, nyuma ya goti, hadi kwenye kifundo.

Haangalii picha peke yake. Mashine hupima pia kasi ya damu, kwa kanuni aliyoieleza mwanafizikia Christian Doppler mwaka 1842 alipokuwa akiandika juu ya nuru ya nyota! Mto ukifika kwenye mwanya mwembamba maji hukimbia, na damu ni hivyohivyo. Kasi ikifika mara 2 au zaidi ya ile ya sehemu iliyo juu yake, mshipa hapo huhesabiwa kuwa umebanwa kwa asilimia 50 au kupita. Utasikia hata sauti: mshipa wenye afya hupiga kwa mkato, lakini chini ya kizuizi kikubwa unasikika mvumo dhaifu tu.

Huenda wakalinganisha pia presha ya kifundo na ya mkono. Uwiano wa 0.90 au pungufu huashiria ugonjwa. Ila namba nzuri isikutulize upesi, kwa sababu kisukari huweza kuikakamaza mishipa, namba ikatoka kubwa huku damu haifiki vizuri. Ndiyo maana naing'ang'ania ultrasaundi.

Najua unaogopa kukatwa mguu. Wengi wanaokutwa na kizuizi huanzishiwa dawa na mazoezi ya kutembea, na huambiwa waache sigara. Wengine hupanuliwa mshipa kwa puto. Ninachokiogopa mimi ni mguu kuuma usiku umelala, au kidonda cha kidole kisichopona. Ukiona kimojawapo, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa sasa kagua vidole kila jioni, hata katikati yake, na tarehe ya kipimo ukishapewa niambie nije nikusindikize.