Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Mashabiki wa Mpira wa Kikapu wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Msimu wa 2023-24

Lexington, Kentucky, Mei 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, vijana, na mgeni wetu mwalikwa,

Itifaki imezingatiwa. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha salama tangu mkutano mkuu uliopita. Nawashukuru pia mliofika. Tulipanga viti 60. Nimehesabu watu 22, na watatu kati yao ni wanangu. Mkutano uliitwa saa nane mchana, tumefungua saa kumi kasoro dakika kumi. Nitalirudia jambo hili mbele.

Shughuli za kawaida sitazirefusha kwa kuwa mnazijua. Tulitazama mechi ukumbini mara 14. Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, tuliuza sambusa na zikaisha kabla ya adhuhuri. Tulichangia misiba miwili. Watoto walifundishwa kudunda mpira kila Jumamosi mpaka baridi ilipotushinda. Tulinunua televisheni nyingine, maana ile ya zamani ilianza kuzigeuza jezi za bluu kuwa kijani. Mengine anayo Katibu.

Fedha. Tulianza na dola 1,930. Ada zilizokusanywa ni dola 2,890, sambusa dola 745, jumla 5,565. Matumizi: ukumbi 600, misiba 500, televisheni 430, vyakula vya mikutano 310, na safari ya Nashville 3,150. Jumla 4,990. Zimebaki dola 575. Mweka Hazina ana stakabadhi zote isipokuwa moja ya mafuta, ambayo ilimwagikiwa na supu.

Najua mmesikia namba moja tu hapo. Basi tuizungumze.

Naomba turudi Jumamosi ile ya Februari 24. Kentucky iliifunga Alabama 117 kwa 95, hapa hapa nyumbani, uwanja wa Rupp Arena. Nani kati yenu hakupiga kelele? Mama mmoja wa Bukavu, ambaye leo ndiye anayeongoza malalamiko, alivua kitambaa cha kichwa akakipeperusha mpaka kikaingia kwenye sufuria ya sombe. Usiku ule ule watu wazima, wenye akili zao, walinizunguka wakisema: Mwenyekiti, mwaka huu twende Nashville kwenye mashindano ya SEC, yaani kanda ya vyuo vya kusini mashariki. Sikuota jambo hili. Nilitumwa.

Mwenye basi dogo la viti 25 alinipa mpaka Jumatatu nilipe malipo ya awali. Katiba yetu inasema matumizi yanayozidi dola 500 yaidhinishwe na wajumbe watano kati ya saba wa kamati. Ni kweli. Niliwapigia simu wote sita Jumapili. Watatu hawakupokea. Wawili walikubali. Mmoja alisema "tutaona", na mimi kwa malezi niliyolelewa, mtu mzima akisema "tutaona" hajakataa. Ukijumlisha na sauti yangu, tulikuwa wanne. Huyo wa tano ningempata wapi Jumapili usiku? Nililipa. Siku nne baadaye basi lile lile lilikuwa linatafutwa na kanisa moja kwa bei ya juu zaidi, na mwenye basi ni shahidi.

Viti 25 vilijaa kwenye karatasi. Asubuhi ya Ijumaa, Machi 15, tuliondoka watu 16. Tisa walioandikisha majina hawakutokea, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Dereva aliwasha injini, akaizima, akaiwasha tena. Tuliwasubiri dakika 50 kwenye maegesho huku mzee wetu mmoja akisali rozari ya safari mara mbili. Kila abiria alichangia dola 75, yaani 1,200. Basi lilikuwa 2,400 na vyumba vya hoteli 1,950. Tofauti ndiyo hiyo 3,150 mnayoisikia redioni kila siku. Wale tisa wangelipa, ingepungua kwa dola 675. Sijasikia mtu akiwasema hao.

Mchezo mnaujua. Timu yetu ilikuwa imepumzishwa mpaka robo fainali, kwa hiyo ule wa Ijumaa jioni ulikuwa wa kwanza, ukawa pia wa mwisho. Texas A&M 97, Kentucky 87. Hoteli tulikwisha kuilipia mpaka Jumapili na haikurudisha hata senti. Jumamosi tuliamka hatuna mechi. Hapo ndipo ndugu zetu wa Nashville wanaozungumza Kiswahili walipotukaribisha kwa nyama choma, na nilitumia nafasi hiyo kujenga ujirani mwema kwa niaba ya chama. Kwenye kikao cha Machi 30 mjumbe mmoja alisimama akasema tumekwenda kula ugali kwa dola elfu tatu. Watu walicheka. Mimi sikucheka, lakini nimeiweka kwenye taarifa kwa ajili ya uwazi.

Naomba niulize swali ambalo nimeliuliza mara nyingi bila kujibiwa. Kentucky ingechukua kombe Jumapili ile, basi lingeitwa ubadhirifu? Basi halikukosa mtupo hata mmoja. Lilikwenda, likarudi, kiyoyozi kilifanya kazi. Iliyofungwa ni timu.

Ndiyo maana siwezi kutenganisha hesabu hizi na mjadala wa msimu, ingawa Katibu alinishauri nitenganishe. Machi 30 mjadala ulikwenda mpaka mlinzi wa ukumbi akaanza kuzima taa moja moja. Nauweka hapa kwa sababu wengi mnaodai majibu hamkuwepo.

Wiki moja baada ya Nashville ilikuwa Oakland. Alhamisi, Machi 21, Pittsburgh, mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa. Sisi tumepangwa namba 3 kwa ubora, wao namba 14. Hiyo Oakland ni chuo cha Michigan, na mmoja wetu aliyedhani ni ya California alitetea dhana yake mpaka kipindi cha pili. Ilikuwa Ramadhani. Jua lilizama mchezo ukiwa katikati, na ndugu zetu waliofunga walifuturu wamesimama, tende mkononi, macho kwenye televisheni, kwa sababu Jack Gohlke wa Oakland alikuwa hakosei. Mitupo kumi ya pointi tatu iliingia. Pointi 32. Kijana aliyetoka chuo kidogo cha Hillsdale, ambaye msimu mzima kabla ya jioni ile alikuwa amejaribu mitupo minane tu ya pointi mbili. Yaani mtu mwenye kazi moja duniani, na kila mtu anaijua kazi hiyo. Mama yetu wa Bukavu, ambaye hajui hata ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) ni nini, aliuliza kwa sauti: "Mtoto huyu anatupa kutoka pale pale kila mara, kwa nini hakuna wa kumsimamia?" Hakuna aliyemjibu. Ikaisha 80 kwa 76.

Kundi la kwanza lilisema ni kocha. Walisema John Calipari alikuwa na vijana hodari kama Reed Sheppard na Rob Dillingham, halafu mara nyingi anawaanzisha benchi. Walisema miaka 15 anapanda miche mipya kila mwaka, anavuna mara moja, mwaka 2012, na tangu hapo ni hadithi. Wakataja Saint Peter's, chuo kidogo kilichotutoa mashindanoni mwaka 2022. Nilipiga kengele kwa sababu tulikubaliana Saint Peter's haitajwi kwenye kikao chenye chakula.

Kundi la pili lilisema ni utoto. Vijana wa miaka 18 na 19 wanakutana na wanaume wa miaka 23, 24, walioshakomaa misuli. Sheppard, aliyekuwa akiingiza zaidi ya nusu ya mitupo yake ya pointi tatu msimu mzima, usiku ule alipata pointi tatu basi. Aliyebeba timu ni Antonio Reeves, pointi 27, na yeye ndiye alikuwa mtu mzima kati yao. Hoja hii ina uzito na nawapongeza walioileta, ingawa mmoja wao aliisema akinielekezea kidole kuhusu umri wa kamati yangu.

Msimamo wangu ni ulinzi. Timu ilikuwa inafunga wastani wa pointi 89 kwa mechi na kuruhusu karibu 80. Mtu anayechota maji kwa ndoo kubwa yenye tundu kubwa, anafika nyumbani na nini? Dalili zilikuwepo. Desemba 2 UNC Wilmington walikuja Rupp wakaondoka na ushindi, 80 kwa 73. Kisha mechi tatu mfululizo za nyumbani: Florida 94 kwetu 91, muda wa nyongeza. Tennessee 103 kwetu 92. Gonzaga 89 kwetu 85. Ukiruhusu pointi 103 sebuleni kwako, tatizo si nani ameanza benchi. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mimi nililisema hili Desemba. Katibu anasema muhtasari wa Desemba hauonyeshi hivyo. Nililisema wakati wa kuvaa makoti.

Mtauliza, kama nililijua tangu Desemba, nilikodi basi la nini Februari? Swali hilo nililiulizwa na kijana mmoja wa chuo, na jibu langu ni kwamba baina ya hapo walishinda kwa Auburn, wakaifunga Alabama, na hata baada ya mimi kulipa, Machi 9 wakaenda Knoxville wakailipizia Tennessee 85 kwa 81. Binadamu ana moyo. Kijana huyo huyo aliongeza, na hili nalo naliweka kwa uwazi, kwamba Mwenyekiti na kocha ni mtu mmoja: wote wanaamua peke yao. Aliposikia Aprili kwamba Calipari amehamia Arkansas aliniandikia ujumbe: "Tofauti imebaki moja, yeye ameondoka." Nilimjibu kwa upole kwamba uchaguzi wetu ni mwakani.

Sasa ada. Daftari lina wanachama 64. Waliolipa dola 120 za mwaka mzima ni 19. Waliolipa nusu nusu ni 14, jumla yao dola 610. Waliobaki 31 hawajatoa kitu. Nimeangalia: kati ya watu saba waliosimama Machi 30 kuhoji dola 3,150, wanne wamo ndani ya hao 31. Sitawataja. Wanajijua, na wake zao wanawajua.

Nami najua chanzo, tusidanganyane. Chama hiki kilizaliwa 2021 kwa ajili ya mtoto mmoja wa Lubumbashi. Oscar Tshiebwe, mchezaji wetu wakati huo, alipodaka ribaundi 20 dhidi ya Duke mjini New York, mimi niliyekulia kambi ya Nyarugusu nilishuhudia wazee wa Uvira na wa Likasi, ambao hawakuwahi kukaa meza moja, wakikumbatiana. Watu walikaa juu ya kreti za soda. Alipokuwa mchezaji bora wa Marekani nzima mwaka 2022, ada zililipwa kabla ya kudaiwa. Hata Saint Peter's ilipotufunga (samahani, nimeitaja), yeye alikuwa na pointi 30 na ribaundi 16, na tulirudi nyumbani tumeumia pamoja. Alipokwenda Indiana Pacers mwaka 2023, nusu ya chama ilikwenda naye. Mimi sikwenda. Nilibaki nafungua ukumbi, napanga viti, nabeba televisheni kwa gari langu mwenyewe, na mafuta hayo sijawahi kuyadai. Basi la Nashville lilikuwa jaribio langu la kuwarudisha. Kama nilikosea, nilikosea nikiwatafuta nyinyi.

Ya mbele. Mungu akipenda, mambo yatakuwa mazuri. Mark Pope, kocha aliyechukua nafasi ya Calipari na nahodha wa mabingwa wa 1996, amepokewa Aprili 14 na Rupp Arena iliyofurika, na naomba mzingatie kwamba aliingia uwanjani akishuka kwenye basi. Watu walishangilia. Wachezaji wa msimu uliopita karibu wote wameondoka, lakini tuna imani. Kamati inatazamia kuongeza wanachama vijana, kutafuta jezi za pamoja, kuimarisha mahusiano na Nashville, na ikiwezekana kuangalia uwezekano wa safari moja ya karibu zaidi. Ada itabaki dola 10 kwa mwezi. Malimbikizo yalipwe kabla ya mwisho wa Juni, au tutakaa tuone la kufanya.

Mwisho, sufuria kubwa ya chama, ile ya mikono miwili, haijaonekana tangu tuliporudi Nashville. Tulikuwa watu 16 na dereva. Aliyenayo airudishe kwa Mweka Hazina, hataulizwa kitu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti