Njaa ya Ethiopia: mvua imesingiziwa vya kutosha

Mhariri,

Kila njaa inapotajwa, lawama huangushiwa mvua. Njaa ya Ethiopia ya 1983 hadi 1985, iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 400,000 na milioni moja, hadi leo inaelezwa hivyo hivyo.

Ukame ulikuwapo Wollo na Tigray, mikoa ya kaskazini, hilo halina ubishi. Lakini mkulima wa huko hafi mwaka wa kwanza mvua ikikosa. Huanza kwa kuuza mbuzi, akaenda kutafuta kibarua mkoa jirani, akauza maksai wa kulimia, na mwisho kabisa akala mbegu. Utawala wa kijeshi wa Mengistu Haile Mariam, aliyeitawala Ethiopia wakati huo, ulimfungia njia hizo moja baada ya nyingine. Wakulima walilazimishwa kuliuzia shirika la serikali kiasi fulani cha nafaka kwa bei ya kutupa. Wachuuzi walizuiwa kuvusha nafaka kutoka mkoa hadi mkoa, na mwenye njaa hakuwa huru kusafiri kufuata kibarua. Kule Tigray, ambako serikali ilikuwa ikipigana na waasi, ndege za kijeshi zilishambulia masoko, hata watu wakawa wanauziana usiku. Soko likivurugika namna hiyo, nafaka hupanda bei huku mifugo ikiporomoka, kwa sababu kila mtu anauza na hakuna anayenunua.

Septemba 1984, Addis Ababa ilipambwa kwa sherehe za miaka kumi ya mapinduzi, mafundi wa mapambo wakiletwa kutoka Korea Kaskazini. Habari za njaa zilifunikwa. Oktoba 23 ndipo BBC ilipoonyesha kambi ya wenye njaa ya Korem, taarifa ikisomwa na Michael Buerk, picha zikiwa za Mohamed Amin, mzaliwa wa jiji letu hili la Nairobi. Dunia ikashtuka, ikaimba nyimbo za kuchangisha, ikachanga.

Hesabu ya msaada ndiyo wengi huiruka. Mtu mmoja huhitaji kama nusu kilo ya nafaka kwa siku, mbali na maharagwe na mafuta ya kupikia. Gunia letu la kilo 90, basi, ni chakula cha watu sita kwa mwezi. Lori la tani 10 hulisha watu 20,000 kwa siku moja tu. Kesho lazima lije jingine. Kwa hiyo kujua tani ngapi zimeshushwa bandari ya Assab hakutoshi. Uliza malori ni mangapi, na nani ana mamlaka ya kuyasimamisha njiani.

Sehemu kubwa ya msaada ilipitia mikononi mwa serikali ile ile, ilhali wenye njaa wengi walikuwa maeneo ya waasi. Huko chakula kilipenyezwa kutoka Sudan kwa malori yaliyotembea usiku na kufichwa mchana, kwa kuogopa ndege. Upande wa serikali, aliyefuata mgao aliweza kukamatwa na kupelekwa kusini-magharibi kwa nguvu. Zaidi ya nusu milioni walihamishwa katika mpango huo. Shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières, tawi la Ufaransa, lililisema hilo hadharani na likafukuzwa nchini Desemba 1985. Mashirika mengine mengi yaliona heri kunyamaza, na sioni kama kunyamaza huko kuliwafaa waliopakiwa kwenye malori.

Kambi zenyewe zina hatari yake. Maelfu wakilala pamoja bila maji safi wala vyoo, surua na kuhara huwamaliza watoto hata ghala likijaa, ndiyo maana chanjo ya surua haifai kusubiri. Na mtoto aliyedhoofika sana hapewi chakula kizito mara moja. Moyo wake huweza kushindwa. Huanzwa na maziwa mepesi, kidogo kidogo, mchana na usiku. Ni nafuu mno kumfikishia mkulima nafaka kijijini kabla hajauza maksai, maana aliyeuza maksai hata mvua ikirudi hana cha kulimia.

Anayechanga leo kwa ajili ya nchi yenye mtawala wa aina hiyo adai kujua nani anatia saini stakabadhi ya mzigo katika kijiji cha mwisho, na bei ya mbuzi na ya debe la nafaka sokoni kila wiki. Bei hizo mbili zikianza kuachana, haina haja ya kusubiri picha.

Mengistu alitoroka Mei 1991, akapitia hapa hapa Nairobi kwenda Zimbabwe. Mahakama ya Ethiopia ilimtia hatiani Desemba 2006 akiwa hayupo, kwa mauaji ya kimbari dhidi ya wapinzani wake.

Msomaji,
Eastleigh, Nairobi